Fundi Wake Yuko Wapi?

Simama bandari ya Mkoani, Pemba, siku meli ya mizigo inapofunga gati, uangalie kinachopanda na kinachoshuka. Kinachopanda ni magunia: karafuu, mwani mkavu, nazi, ndizi. Kinachoshuka ni maboksi: sabuni, kandambili, mikeka ya plastiki, ndoo, biskuti, dawa ya mswaki, kofia. Naam, kofia. Pemba, ambako hukosi mtaa wenye mwanamke anayejua kushona kofia ya viua, tunashusha kofia kwa maboksi.

Nina kiduka Tibirinzi, Chake Chake, na maboksi hayo ndiyo riziki yangu. Kwa hiyo asije mtu akadhani nimepanda juu ya mnazi nawahukumu walio chini. Wala sitaki kuimba wimbo wa uzalendo. Tunaimbiwa wa kutosha kila Januari kwenye maonesho ya biashara ya wakati wa sherehe za Mapinduzi. Ninachotaka kusema ni kidogo zaidi. Kwa matumizi ya nyumbani kwangu, nje ya duka, kabla sijatoa pesa huuliza swali moja: fundi wake yuko wapi? Kama yupo mahali ninapoweza kufika, akikosea nikamrudia, kikiharibika akakitengeneza, niko radhi kulipa zaidi, tena zaidi sana. Kama hayupo, basi cha ndani na cha nje kwangu ni mamoja, nachukua kilicho rahisi.

Kofia ndiyo iliyonipeleka kwenye swali hilo. Shangazi yangu wa kijiji cha Ole, hapa Pemba, ameshona tangu hajaolewa. Kazi yenyewe, kwa asiyeijua: unachukua nguo nyeupe, unachora ua kwa penseli, moja baada ya jingine, bila kukosea nafasi, maana ukikosea mwanzo maua hayakutani mwisho. Halafu unatoboa vitundu na kila kitundu unakizungushia uzi kwa sindano mpaka kingo zake ziwe ngumu. Vitundu mia kadhaa, na kofia nzuri inavipita hivyo kwa mbali. Kuna kipande cha kuzunguka kichwa na kipande cha duara cha juu, kisha vyote viwili huungwa. Mara nyingi si mtu mmoja anayefanya yote. Huyu anachora, yule anashona, mwingine anaunga, na kofia moja inaweza kuzunguka nyumba tatu kabla haijamfikia mwenyewe. Hushonwa baada ya Alasiri, kati ya kupika na kulisha watoto, ndiyo maana inachukua wiki nyingi na nyingine miezi.

Nguo ni ya nje. Uzi ni wa nje. Sindano, ya nje vilevile. Cha Pemba hapo ni mikono na macho (shangazi anasema macho zaidi).

Siku moja nilikuwepo kwake alipokuja kijana kutoka mjini kutaka kofia ya harusi. Akaambiwa bei, akashtuka. "Bi Mkubwa, mbona dukani zipo za elfu chache tu, na maua haya haya?" Nilidhani shangazi atakasirika au ataanza kumhesabia vitundu. Hakumjibu. Alichukua uzi, akampima kichwa, akatazama, akasema, "Mwanangu, una kichwa kikubwa wewe. Hiyo ya dukani imekubana mpaka imekuachia alama." Kijana akacheka, akatoa arubuni.

Ndiyo hoja yangu yote, kwa ufupi. Kofia ya boksi inakuja kwa namba, na kichwa ndicho kinachotakiwa kiifuate namba. Ukiifua mara kadhaa kitambaa cha ndani kinalegea, maua yanajikunja, unatupa unanunua nyingine. Ya mkono hufuliwa, hutiwa kanji, hukaushwa juu ya bakuli la kadiri yake, na ikichakaa kipande cha juu hubadilishwa, kile cha pembeni kikaendelea. Marehemu babu alikuwa na kofia iliyobadilishwa juu mara mbili. Ukigawa bei yake kwa miaka aliyoivaa, sijui nani aliyenunua ghali, yeye au sisi.

Soko la kofia ya mkono lipo, tena wengine wanalijua kuliko sisi wenye nazo. Waomani huvaa kofia za sampuli hii hii, wao huziita kumma, na wapo wanaotaka ya mkono hasa. Mchuuzi hupita vijijini, hununua nyingi kwa mpigo, huzipeleka Unguja, na kutoka huko zinaendelea. Mshonaji hajui kofia yake imeishia kichwani mwa nani. Mchuuzi anajua, na ujuzi huo ndio mtaji wake.

Kuna wanaosema dawa ni kodi. Kodi ipo. Tangu Julai 2022 nchi za Afrika Mashariki zimeweka ngazi ya ushuru ya asilimia 35 kwa bidhaa nyingi zilizokamilika zinazotoka nje ya Jumuiya, zikiwemo nguo, kofia, fanicha na vitu vya ngozi. Sijaona aliyehamia kwa shangazi kwa sababu hiyo. Asilimia 35 juu ya kitu cha elfu chache bado ni elfu chache. Kofia ya mashine na kofia ya mkono hazishindani kwa bei, na ukizishindanisha hapo ya mkono inashindwa kila siku, kodi au bila kodi.

Mama yangu, mwenzangu wa kubishana, hapendi hata kusikia habari hizi. Kwake maneno "tutumie vya kwetu" yana harufu ya foleni. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 alisimama foleni za sabuni, za sukari, za mchele, za kitambaa. Aliambiwa wakati ule kwamba tunajitegemea, na alichokiona ni rafu tupu. Mwaka 1984 Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar biashara ikalegezwa, kabla hajaenda kuongoza Muungano na kuitwa Mzee Ruksa, na vitu vikaanza kuingia. Mama anasimulia kwamba sabuni ya kunukia ya kwanza aliyoinunua bila foleni hakuiogea. Aliitia kwenye kasha la nguo, ikakaa humo mpaka harufu ikaisha.

Sasa mtu wa namna hiyo akisikia hotuba ya bidhaa za ndani huuliza neno moja tu: "Na kikikosekana?" Vijana humcheka. Mimi simcheki, kwa sababu dukani kwangu swali hilo nalipata kila wiki.

Nieleze duka linavyokwenda, maana wengi wanaotulaumu wenye maduka hawajui. Mwenye jumla wa Unguja ananitolea mali kauli. Ananipa maboksi leo, nauza, namrejeshea pesa baadaye, ananipa mengine. Namjua, ananijua, simu inapokewa. Kikundi cha kina mama wanaotengeneza sabuni au mafuta ya nazi hakiwezi kunikopesha, kwa sababu nazi zenyewe wamenunua kwa pesa taslimu na magadi vilevile. Wanataka mkono kwa mkono, na wana haki. Lakini mimi nikitoa pesa taslimu kwa sabuni isiyojulikana, ikikaa rafuni miezi, hasara ni yangu peke yangu. Kwa hiyo kinachoamua nini kikae rafuni mara nyingi hakihusiani na mapenzi ya mteja kwa bidhaa za nje. Ni nani anayeweza kungoja pesa yake.

Kuna kikundi kimoja, sitakitaja, kiliniletea sabuni nzuri kweli. Iliisha upesi. Wateja wakarudi kuiulizia, nikapiga simu, haipatikani. Nikatuma mtu, akaambiwa mwenye mashine ya kukatia amesafiri. Mteja wa sabuni hangoji mtu arudi safari. Nguo chafu zipo leo. Nilipoteza wateja wa sabuni ile, na nadhani walipoteza zaidi wao. Mama alipoisikia hadithi hiyo hakusema kitu, alinitazama tu.

Kwa upande mwingine, tusijidanganye kwamba zamani tulivaa tulichokifuma wenyewe kisha tukapotoka. Mwanzoni mwa karne ya 16 Wareno waliandika kwamba wakubwa wa Pemba, Mafia na Unguja walivaa hariri na pamba nzuri zilizonunuliwa Mombasa kwa wafanyabiashara wa Cambay, India. Karne ya 19 ikawa zamu ya merikani, ile pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ni wa 1833, na kitambaa hicho kilikwenda bara na misafara mpaka kikawa kinapokewa kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata njia ya pamba, nguo za Bombay zikajaza nafasi. Sisi ni watu wa bandari. Kutuambia tusinunue cha nje ni kutuambia tuipe bahari mgongo.

Na ukiuliza cha ndani ni kipi hasa, utachoka kabla ya Magharibi. Kanga, vazi letu kuliko yote, lenye maneno yetu, kwa miaka mingi limechapwa ng'ambo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa 1968 na kikachapa sana, lakini leo nyingi ninazoziona Mchangani zinatoka India na China. Halua ya Wete ni yetu, hakuna anayebisha, ila sukari yake kwa kawaida imepanda meli. Kiwanda cha sukari cha Mahonda, kilichojengwa kwa msaada wa China, hakijawahi kutosheleza visiwa hivi. Kuna wateja wangu waliofundishwa kutazama baakodi: ikianza na 620 ni ya Tanzania, 616 ni ya Kenya. Nawaambia tarakimu zile zinaonyesha kampuni ilipojisajilia namba zake, si mahali kitu kilipotengenezwa. Wanaondoka wamenuna.

Ndiyo maana nikaacha kuuliza kitu kinatoka wapi. Fundi ni rahisi kumtafuta. Halua ya Wete ina fundi, nikipenda iliki zaidi namwambia. Kanga haina, basi naichagua kwa rangi na maneno yake, liwalo na liwe. Seredani, jiko la makaa, ina fundi: anakata mapipa chakavu pale karibu na stendi, na yangu ilipotoboka chini aliibadilishia sahani kwa bei ya soda. Seredani zile za kung'aa zilizokuja kwa maboksi hazina sahani ya kubadilisha wala mtu wa kuuliza. Chungu kina fundi. Makubadhi yana fundi, akiyapiga soli mpya yanarudi barabarani. Kitanda changu kina fundi seremala, na godoro lililo juu yake halina. Taa, simu, feni, dawa za hospitali: sina wa kumfuata Pemba nzima, nanunua za nje na silali macho.

Mwani ndio unaonikera. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 mwambao wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, kisha kikafika huku, na wanaokifanya kwa wingi ni wanawake. Wanafunga mbegu kwa taitai, vile vijikamba vyembamba, kwenye kamba za nailoni, na vyote viwili vinatoka nje. Wanasimama majini maji yanapokupwa, wanavuna, wanakausha, wanauza kwa kilo kwa bei ndogo. Aina ya cottonii yenye bei nzuri inakufa bahari inapopata joto, wengi wamebaki na spinosum yenye bei duni. Huko unakokwenda, mwani hutolewa kitu cha kugandisha kinachotiwa kwenye aiskrimu, mtindi na dawa ya mswaki. Inawezekana kabisa dawa ya mswaki niliyoipanga rafuni kwangu ina mwani wa majirani zangu ndani yake, uliotoka hapa kwenye gunia ukarejea kwenye boksi. Karafuu ina nafuu kidogo, makonyo yake, vile vijiti vinavyoshika karafuu, hukamuliwa mafuta pale pale Wawi, karibu na mjini. Lakini mafuta yenyewe yakishakamuliwa huenda kuwa kitu cha mwisho kwa watu wengine.

Wapo wanaotengeneza sabuni ya mwani hapa Zanzibar, na nzuri. Tatizo langu nayo ni kwamba nyingi imetengenezewa mgeni. Imefungwa karatasi ya kahawia, kamba ya katani, maandishi ya Kiingereza, na bei ambayo mfanyakazi wa hoteli anayeipanga bafuni hawezi kuinunulia nyumba yake. Siwalaumu, mgeni ndiye mwenye pesa. Lakini bidhaa ya ndani ambayo wa ndani haigusi ni mwani ule ule wa kusafirisha, ila huu unasafiri ndani ya begi la mtalii. Mtu atengeneze kipande kikubwa kisicho na urembo, cha kufulia na kuogea, auze kwa bei ya soko la Chake, nampa nafasi ya mbele kabisa rafuni. Hata pesa taslimu nitatoa, kwa sharti moja: simu ipokewe.

Mwaka 2006 Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na nikikumbuka vizuri wengi tulidhani sasa ndio wakati wa kikapu cha ukili. Ukili upo, wasukaji wapo, na kikapu kizuri hudumu. Sokoni Chake leo kikapu utakiona mkononi mwa wazee na begani mwa wageni. Sisi wengine tumehamia vile vifuko vya kitambaa chepesi kama karatasi, ambavyo navyo vinashuka Mkoani kwenye maboksi. Marufuku iliondoa kitu, haikuleta kingine. Nafasi ikiachwa wazi huichukua aliye na mzigo tayari ghalani, na msukaji wa ukili hana ghala, ana kibaraza.

Hapa ndipo ninapomgeukia mnunuzi mkubwa kuliko mimi na wewe, yaani Serikali na hoteli. Mteja mmoja mmoja wa Tibirinzi hawezi kumfanya seremala anunue mashine. Skuli zikiagiza madawati kwa mafundi wa wilaya hiyo hiyo, atanunua. Hospitali ikiagiza shuka, mafundi cherehani watakaa pamoja wenyewe bila kufanyiwa semina. Hoteli ikitaka mikeka ya ukili ya vyumba vyote, na ikatoa arubuni kama alivyotoa kijana wa kofia, wasukaji watajua mwezi ujao wana kazi. Arubuni ndiyo neno. Vikundi vyetu vimefundishwa ujasiriamali mpaka basi. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia "nataka mia mbili, nusu ya pesa hii hapa, nyingine ukileta". Nembo ya ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, nayo ni muhimu kwa chakula na sabuni, siibezi, duka linaitaka. Ila mtengenezaji asiye na oda ana haraka gani ya kuitafuta?

Nilimuuliza shangazi kama wajukuu zake wa kike wanashona. Mmoja anajua kutoboa na kuzungusha uzi, anafanya akikosa la kufanya. Mwingine yuko chuo Unguja na amemwambia bibi yake kwamba macho yake ni ya kusomea. Shangazi hakuona ubaya. Alisema kazi isiyolipa hairithishwi, na mtoto akipata ajira atakuja kuwa mteja. Mimi nilitaka abishe kidogo, nikaona nambishia mwenye kazi yake.

Aliyemsaidia zaidi kwa miaka ya karibuni ni huyo huyo mjukuu wa chuo. Humpigia picha za kofia, huziweka kwenye simu, na oda zinakuja moja kwa moja kutoka Unguja, Dar es Salaam na nyingine Muscat. Mchuuzi bado anapita lakini sasa anakuta bei imeshajulikana. Wateja wa mbali hutuma kipimo: uzi unazungushwa kichwani, juu ya masikio, halafu unapimwa kwa rula. Wengi huzungusha vibaya, wanakaza. Shangazi huongeza kidogo bila kuwaambia.

Dukani kwangu sasa nina kofia zake chache juu ya kabati la kioo, siziuzi, ni za kuonyesha. Anayezipenda nampima mwenyewe na kupeleka kipimo Ole kwa gari ya abiria, pamoja na arubuni. Chini ya kabati hilo hilo zimepangwa za boksi, kwa anayetaka leo. Wengi bado wanataka leo, hasa siku za mwisho za Ramadhani, na siwanyimi.

Kama unataka ya mkono ya kuswalia Idi, njoo kupimwa kabla Rajabu haijaisha. Ukija Shaaban shangazi atakupokea arubuni, ila atakwambia Idi Kubwa.